Kijiwe Hiki cha Nani

Ngano hodi!

Ngano karibu!

Nimekuja na kweli.

Iache mlangoni!

Nimekuja na uongo.

Ingia nao, ukae!

Haya, sogeeni. Nyie mlioko kule nyuma njooni hapa karibu, sitaki kupaza sauti, maana mengine ya leo hayafai kusikika nyumba ya pili.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana vioo vilishakuwepo na redio zilishakuwepo, aliondokea mwanamke akiitwa Bi. Mize. Siku hizo samaki walikuwa wakisema na watu wakiwasikia. Siku hizi wanasema vilevile, ila redio zimezidi.

Bi. Mize alikuwa na sebule. Alikuwa na makochi, alikuwa na pazia la manjano, alikuwa na saa ya ukutani isiyokwenda lakini inayong'aa. Na bado moyo wake haukutulia. Kisa nini? Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi. Sijaona, yule fundi cherehani, alikuwa na paka mweupe pee, jina lake Bafta. Kila mgeni aliyeingia mtaani alisimama kumtazama Bafta, akamsifu Bafta, kisha akapita mlango wa Bi. Mize bila kugeuza shingo. Jambo hilo lilimla Bi. Mize, hata futari ilikuwa haimshuki vizuri.

Basi akatafuta cha kumshinda paka. Akapata sanduku la kioo lililotoka hoteli moja iliyofungwa. Halikuwa kubwa, lilikuwa kama sanduku la nguo za bibi harusi asiye na makuu. Akaliweka sebuleni juu ya meza. Akalijaza maji ya bahari. Akatia mchanga, akatia kijiwe kimoja chenye shimo, akatia kichaka cha mwani, na kimashine cha kupuliza hewa kikawa kinasema bwabwabwa, bwabwabwa, kutwa kucha.

Sasa samaki. Mji ule, ukiuliza samaki yupi anakwenda na nazi, hata mtoto wa kunyonya atakujibu. Yupi anakwenda na ukwaju, yupi wa kukaanga, yupi wa kubanika, wote wanajua na wote watabishana. Lakini samaki yupi anakwenda na samaki yupi? Hapo mji mzima kimya. Hakuna aliyewahi kuliwaza, kwa sababu sufuriani wote hupatana.

Kwa hiyo Bi. Mize alichagua samaki kama anavyochagua kitambaa. Akamchukua Kitatange kwa sababu alikuwa wa manjano na pazia lilikuwa la manjano. Akawachukua ndugu wawili wadogo wenye mistari myeusi na myeupe, kwa sababu mito ya makochi ilikuwa hivyo hivyo. Na Duvi je? Duvi hakuchaguliwa na mtu. Duvi aliingia na ndoo ya maji, jamaa ya kamba wa baharini, mdogo, mwembamba, ndevu ndefu, macho yako juu ya vijiti. Bi. Mize alipomwona alitaka kumtoa, kisha akasema mwache tu, hana nafasi anayoijaza.

Wakakaa. Kitatange akatembea na mapezi yake ameyatandaza kama mtu aliyevaa kanga mpya. Wale ndugu wakakimbizana kwenye kichaka. Duvi akashika shimo la kijiwe, akawa anawasugua wenzake magamba na kuokota makombo. Kulikuwa na amani, na wageni wakaanza kugeuza shingo.

Ndipo Bi. Sijaona akaja kuchungulia. Akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Vinapendeza, shoga. Na samaki wenyewe utawaleta lini?"

Mwanamke gani atalala baada ya neno kama hilo? Asubuhi Bi. Mize alikuwa pwani, na safari hii hakutaka rangi, alitaka cheo. Akataka changu. Mnajua changu alivyo samaki wa heshima, akiingia nyumbani hata mume huwahi kurudi. Akachagua changu mchanga, mzima, bado anarukaruka. Mvuvi akamwambia huyo anakua, mama. Bi. Mize akajibu kwamba hata yeye alikuwa mdogo. Mvuvi akacheka, akamtia ndooni.

Chubwi, Changu ndani ya sanduku. Hakupiga hodi. Akalitazama shimo la Duvi, akauliza, "Kijiwe hiki cha nani?"

Sasa sikilizeni kosa la Duvi. Kwetu mgeni akifika huambiwa hapa ni kwako. Ndiyo adabu. Mgeni mwenye akili hucheka kidogo, akakaa pembeni ya mkeka. Duvi naye akasema kwa adabu hiyo hiyo, "Chako, Bwana. Karibu, hapa ni kwako."

Changu hakucheka. Changu aliamini.

"Changu," akasema, akakizunguka kijiwe.

Na kuanzia siku hiyo neno likawa hilo hilo. Alikuwa samaki wa maneno machache, na neno lake kubwa lilikuwa jina lake. Chakula kikianguka juu ya maji, changu. Kichaka, changu. Kivuli cha pazia kikipita majini, changu. Hata sanduku, ambalo kwa haki huwezi kusema sanduku changu, yeye aliliita kisanduku, likawa changu. Mimi shuleni sikukaa sana, lakini naona hapo alitumia akili.

Akala, akanenepa. Akala, akarefuka. Bi. Mize akafurahi, akawaita watu waje waone. Kisha asubuhi moja, kati ya wale ndugu wenye mistari alikuwepo mmoja tu. Na asubuhi nyingine hakuwepo hata huyo.

Duvi aliona. Kitatange aliona. Duvi akapanda juu ya kichaka, akagonga kioo kwa ndevu, ti ti ti, akamweleza Bi. Mize kila kitu. Mnajua alijibiwa nini? "Wewe duvi, wenzako wanapimwa kwa kikombe sokoni, utamsingizia changu?" Na redio ikafunguliwa.

Bi. Mize alikuwa na mwizi wake tayari. Alitoka hadi uani akasema paka wa mtu fulani ana ulafi, na ameingia nyumba za watu. Bi. Sijaona alikuwa anaanua nguo. Akasema, "Paka wangu hajui kufungua kifuniko. Nyumba hiyo ninayemjua kufungua sana ni mmoja, naye hufungua mdomo."

Basi ikawa vita. Hawakusalimiana tena. Bi. Sijaona alirudisha mbuzi ya kukunia nazi aliyoiazima, na aliirudisha haijaoshwa. Bafta akafungiwa ndani mchana kutwa, akawa analia dirishani, nyau, nyau, mpaka mtaa mzima ukagawanyika, wa paka huku na wa samaki huku. Mimi sikuwa upande wowote, nilikuwa nakwenda kote kote kusikiliza.

Turudi majini. Siku moja Duvi akaanza kuwashwa mgongo. Mnajua duvi hakui kama sisi. Gamba likimbana hulivua lote, kuanzia ndevu mpaka mkia, akabaki laini kama kiini cha yai, mpaka gamba jipya likauke. Siku zote Changu alimwogopa kwa ule mwiba wa kichwani. Lakini duvi aliyevua hana mwiba wa kumchoma mtu.

Na Changu alijua. Akaja akasimama mbele ya shimo, jicho moja ndani.

"Unawashwa," akasema.

"Kidogo tu, Bwana Mkubwa."

"Vua taratibu. Mimi nipo."

Akakaa pale pale, anafungua mdomo na kuufunga, pwa, pwa. Ikawa shimo lina mlango mmoja, na mlangoni yupo Changu. Duvi akatetemeka miguu yote, na ana miguu mingi. Kitatange akamwambia pole shoga, baada yako ni mimi, na mimi hata shimo sina.

Lakini Duvi alikuwa na masikio, au chochote kile ambacho duvi hutumia. Alikuwa amemsikia Bi. Mize akisema kwamba leo alasiri wanawake wanakuja kuchagua sare ya harusi ya binti wa dada yake. Na Bi. Sijaona atakuja pia, apende asipende, maana ndiye fundi, na sare bila fundi ni jora tu.

Duvi akatoa ndevu nje.

"Bwana Mkubwa, umesikia? Leo wageni wanakuja kuchagua."

"Kuchagua nini?"

"Mwenye nyumba hii ya kioo. Wanataka kujua kila kitu humu ni cha nani, waandike jina, isije mtu akaleta samaki mwingine na madai yake."

Changu akatikisika. Hilo la samaki mwingine lilimwingia.

"Mimi nitasimama juu ya kijiwe niulize," Duvi akasema. "Wewe ujibu kwa sauti, wasikie mpaka walioko barazani. Ukijibu yote bila kukosea, hata mimi sitakuwa na pa kukimbilia."

"Hata wewe utakuwa wangu?"

"Sema vizuri, Bwana. Nitakuwa kidudu chako."

Changu akapenda. Akasogea pembeni kufanya mazoezi, changu, changu, changu, na shimo likabaki wazi. Duvi akamnong'oneza Kitatange neno moja: asimame mbele ya kijiwe, atandaze mapezi yake yote kama pazia, asiondoke mpaka aambiwe. Kitatange kwa kutandaza hakuhitaji kuombwa mara mbili.

Alasiri ikafika, wanawake wakajaa. Majora yakafunguliwa, huyu anataka zambarau, huyu anasema zambarau inamkondesha. Bi. Sijaona aliingia, akasalimia ukuta, akakaa karibu na mlango na mkasi wake mapajani. Bi. Mize akaizima redio mwenyewe. Alitaka asikie vizuri Bi. Sijaona atasema nini juu ya sanduku lake.

Ndipo Kitatange akakunja mapezi akajivuta pembeni, na juu ya kijiwe alionekana Duvi amesimama wima, kimya kabisa, ndevu mbele. Sauti ikatoka kijiweni, nyembamba, lakini inasikika. Na nyie hapa nisaidieni, mimi nauliza, nyie ndiyo Changu.

"Kijiwe hiki cha nani?"

"Changu!"

"Kichaka hiki cha nani?"

"Changu!"

"Kivuli hiki cha nani?"

"Changu!"

Wanawake wakaacha majora, wakageuka. Wakacheka, wakasema lo, samaki wa Bi. Mize amefunzwa. Bi. Mize akajinyoosha shingo kama jogoo. Changu akaona watu wote wanamtazama yeye, akazunguka chwaa, akatoa kifua.

"Chakula cha asubuhi cha nani?"

"Changu!"

"Na kile kitoweo chenye mistari, kilichopotea kwanza, kilikuwa cha nani?"

"Changu!"

"Na kile cha pili, pacha wake?"

"Changu!"

Kicheko kikapungua. Mkasi wa Bi. Sijaona ukaanguka chini, kang'ara.

"Na kitendo cha kuwala watoto wa watu, ukanyamaza, paka wa jirani akasingiziwa, kitendo hicho ni cha nani?"

"Changu!" akasema Changu, kwa sauti kubwa kuliko zote, mpaka kifuniko kikaruka.

Bi. Mize akajikohoza. Akasema samaki huyu ana utani, tangu zamani ana utani. Maana mtu aliyeosha nguo chafu uani mbele ya mtaa mzima hawezi kukubali upesi hivyo.

Basi Duvi akauliza la mwisho.

"Na kidudu hiki kilichosimama juu ya kijiwe ni cha nani?"

"Changu," akasema Changu, safari hii taratibu, na akafungua mdomo.

Kachu!

Wakaona wote. Wakaona ndevu mbili zinaning'inia mdomoni, wakasikia kra, kra, kra. Bi. Mize akashika kichwa. Yule Duvi asiyejaza nafasi, mwosha magamba ya wenzake, aliyegonga kioo akafunguliwa redio! Machozi yakamtoka mbele ya Bi. Sijaona, na hilo lilimuuma zaidi. Akakimbilia jikoni, akarudi na chujio la tui, akamwinda Changu kona hii na kona ile, pwata pwata pwata, maji mpaka kwenye jora la zambarau, akamtoa, akamtumbukiza kwenye ndoo.

Changu akatazama ndoo. Akafungua mdomo, akaufunga. Ndoo ni yangu, si changu, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa hakukumbuka kuiita kindoo.

Wanawake wakaanza. Mmoja akasema wa kukaanga huyo. Mwingine akasema kwa ukwaju. Wa tatu akasema ukoo wao hawali samaki muuaji mpaka awekwe ndimu nyingi. Bi. Mize anasema nipeni kisu, nipeni kisu, na hakuna anayempa, kila mtu anasubiri ampe mwenziwe.

Bi. Sijaona ndiye aliyesimama.

"Samaki alikula samaki. Kazi yake," akasema. "Nani alimchagua akae humu?"

Macho yote yakamgeukia Bi. Mize.

"Mimi," akasema Bi. Mize.

"Basi kama ni kukaanga, tumkaange aliyechagua."

Kisha mtu akacheka nyuma, akacheka mwingine, na Bi. Mize mwenyewe, pua bado imejaa machozi, akajikuta anacheka mpaka anashika kochi. Akasema nisamehe, jirani. Akasema paka wako ni mtoto wa watu, na nilimkosea. Bi. Sijaona akasema hata yeye ile mbuzi ya nazi angeiosha.

Wakati huo Kitatange alikuwa anazunguka kijiwe, hasemi, anameremeta tu. Bi. Mize akainama. Kutoka kwenye shimo, kidogo kidogo, zikatoka ndevu mbili. Kisha kichwa. Kisha Duvi mzima, laini, wa waridi, amepauka kama mtu aliyetoka homa, lakini anapumua, na miguu yote ipo.

Alikuwa amelivua gamba nyuma ya mapezi ya Kitatange, akalisimamisha juu ya kijiwe kama kanzu kwenye kiango, naye akawa shimoni anauliza maswali. Changu alikuwa amekula nguo.

Ah, mngekuwepo! Wanawake wale walishusha pumzi wote kwa pamoja, pazia likapepea. Mmoja alikaa chini kwenye majora bila kuangalia. Bi. Mize akaweka shavu juu ya kioo, akamwambia Duvi kwamba tangu leo akigonga atafunguliwa yeye, na redio itazimwa. Kitatange akaogelea kwa mara ya kwanza katikati ya sanduku, bila kutazama nyuma, akalala ubavu kidogo kwa raha, jambo ambalo si adabu kwa kitatange lakini alisamehewa.

Hakuna aliyetaja tena kisu. Bi. Mize akashika ndoo upande mmoja, Bi. Sijaona upande mwingine, wakateremka pwani wakisengenya watu wa harusi njia nzima. Bafta akawafuata nyuma, mkia juu, ameachiliwa. Wakaingia majini mpaka magotini, wakainamisha ndoo. Chubwi.

Changu akasimama pale kwenye maji, akatazama huku na huku. Akatafuta kijiwe, akatafuta kichaka. Mbele yake hakuna kioo, nyuma hakuna kioo, ni maji mpaka macho yanachoka. Sanduku aliliita kisanduku likawa changu. Bahari ataiitaje? Tangu dunia iumbwe hajatokea mtu wa kusema kibahari. Akafungua mdomo, akaukosa usemi, akajigeuza, akaenda zake kutafuta wa kimo chake. Nasikia anaendelea vizuri, na kule, akiona kitu, huuliza kwanza.

Sasa funzo, maana wazazi wenu wataniuliza.

Funzo la ngano hii ni kwamba ujanja haufai, wanangu. Mjanja hapati kitu. Mdogo anyamaze, ampishe mkubwa, asijibizane naye mbele ya wageni. Hayo si maneno yangu, ameniambia Duvi mwenyewe juzi, amelala juu ya kijiwe chake, chini ya kivuli chake, pembeni ya kichaka chake, akisubiri aletewe chakula chake.

Ngano imeniachia hapo. Ikiwa tamu, mmeisikia kwangu. Ikiwa chungu, mmeisikia kwa Bi. Sijaona.